Nabii Amosi na Gunia la Lumbesa

Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wa sekondari wamekariri maono matano ya nabii Amosi jinsi wanavyokariri majina ya mito: nzige, moto, timazi, kikapu cha matunda, na Bwana aliyesimama kando ya madhabahu. Mtihani ukiisha, nabii husahauliwa. Hasara hiyo ni kubwa zaidi katika mji wa soko kama Kagio, Kaunti ya Kirinyaga, ambako karibu kila onyo lake lina mfano wake ulio hai.

Amosi hakuwa kuhani wala mtoto wa nabii. Alikuwa mfugaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, mti ule ule ambao Wakikuyu huuita mukuyu. Yapata mwaka 760 kabla ya Kristo, enzi ya Yeroboamu wa Pili, alivuka mpaka akahubiri Betheli. Israeli ilikuwa imestawi, lakini wakulima wadogo walikuwa wakipokonywa riziki yao kwa vipimo vya hila. Wafanyabiashara walipunguza efa, wakaongeza uzito wa shekeli, wakauza hata takataka za ngano.

Mwanafunzi wa Kagio atauliza: mbona hapa kipimo hakipunguzwi, bali huongezwa? Ni swali zuri. Kule Betheli mdanganyifu alikuwa muuzaji. Huku, mara nyingi ni mnunuzi. Dalali hutaka gunia lijazwe pomoni, kisha liongezwe kilemba cha wavu, nalo lilipiwe kama gunia moja. Hiyo ndiyo lumbesa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, lakini sheria bila mizani haimfai mkulima. Kipimo kikipunguzwa au kikiongezwa, anayeumia ni yule asiye na uwezo wa kukataa.

Ndipo maana ya kikapu cha matunda inapofunuka. Katika Kiebrania, neno la matunda ya hari na neno la mwisho hukaribiana kwa sauti: kayits na kets. Tafsiri yetu haiwezi kuubeba mchezo huo wa maneno, lakini mkulima wa nyanya anaufahamu. Nyanya zikishaiva, muda umekwisha. Lazima ziuzwe leo kwa bei yoyote, na dalali analijua hilo. Israeli nayo ilikuwa imeiva hivyo. Alipoona nzige na moto, Amosi aliomba na adhabu ikazuiliwa. Baada ya timazi hakuomba tena. Mwaka 722 kabla ya Kristo Samaria ilianguka mikononi mwa Waashuru.

Kuhani Amazia alimwamuru arudi kwao Yuda akale chakula chake huko. Amri ya namna hiyo si ngeni Mlima Kenya. Mwaka 1987 Askofu David Gitari, mzaliwa wa Kirinyaga, alihubiri mjini Nyeri juu ya Danieli, na wanasiasa wakamshambulia kwa maneno makali. Aprili 1989 genge lilivamia nyumba yake usiku, naye akanusurika. Hakuacha kuhubiri, mwaka 1997 akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana nchini.

Walimu, kabla ya kuwauliza wanafunzi wataje maono matano, wapelekeni sokoni na mizani. Wapime gunia la lumbesa, wakokotoe kilo zilizozidi, wazidishe kwa bei ya siku hiyo, kisha waisome sura ya nane. Jambo hili halitakuwa jepesi, kwa kuwa mtoto wa mkulima na mtoto wa dalali huketi dawati moja. Yafaa wote wawili wasikie, na mwalimu asimfiche yeyote kati yao hesabu iliyopatikana.