Maneno ya Kiingereza Yahusuyo Kugeuza Njia

Jamaa za mgonjwa aliyelazwa hospitali wanaweza kuambiwa kwa Kiingereza kwamba mgonjwa wao "has turned the corner". Siku nyingine huenda wakaambiwa kwamba "has taken a turn for the worse". Katika maneno hayo yote mna neno "turn", ambalo kila mwanafunzi hufundishwa kwamba maana yake ni kugeuka. Lakini habari ya kwanza ni ya furaha: hatari kubwa imekwisha pita, kama msafiri aliyezunguka pembe ya njia akaona mji mbele yake. Habari ya pili ni onyo kwamba hali imezidi kuwa mbaya. Asiyejua tofauti yake aweza kurudi nyumbani kwa furaha siku ile ile ambayo ingempasa kukaa karibu na mgonjwa.

Maneno ya namna hii ni mengi, na asili zake kubwa ni tatu: bahari, uwanja wa gwaride, na barabara. Afahamuye asili ya neno hatakosa maana yake kwa urahisi.

Baharini limetoka neno "tack". Chombo cha matanga hakiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea upepo unakotoka. Nahodha akikutana na upepo wa mbisho, hukipeleka chombo kwa mshazari upande mmoja, kisha hukigeuza kwa mshazari upande wa pili, na hivyo husonga mbele kidogo kidogo. Watu wa pwani huita kazi hiyo kubisha. Waingereza wamelichukua neno lao la kazi hiyo wakalitia katika mazungumzo ya kila siku. Mwalimu ambaye wanafunzi wake hawakuelewa hesabu husema kwamba atajaribu "another tack", yaani ataeleza kwa njia nyingine. Neno hilo halina lawama ndani yake, kwa kuwa nahodha abishaye hakuiacha bandari aliyoikusudia. Amebadili njia tu. Yafaa kuangalia pia kwamba neno hili huishia kwa herufi k. Wako hata Waingereza wanaokosea wakaandika "tact", ambalo ni neno jingine kabisa, lenye maana ya busara ya kusema na watu bila ya kuwaudhi.

Katika gwaride limetoka neno "about-turn". Askari akipewa amri hiyo hugeuka mpaka uso wake unatazama kule kulikokuwa kisogoni. Ndugu yake wa barabarani ni "U-turn", lililopata jina kwa umbo la herufi U: motokaa huzunguka na kurudi ilikotoka. Maneno haya mawili yakitumiwa kwa habari za serikali au za viongozi, mara nyingi huwa na lawama, kwa maana ya kwamba mtu ameliacha neno lake mwenyewe. Serikali ya Uingereza ya Edward Heath ilipobadili siasa yake ya uchumi mwaka 1972, badiliko hilo liliitwa "U-turn", na jina hilo likabaki. Mwezi wa Oktoba 1980, Margaret Thatcher aliwaambia watu wa chama chake mjini Brighton kwamba wapendao kugeuka na wageuke, lakini yeye si mtu wa kugeuka. Wote waliomsikia walifahamu kwamba hakuwa akisema habari za motokaa.

Maneno ya pande pia yamewahi kuwatatiza Waingereza wenyewe. Zamani mabaharia wao waliuita upande wa kuume wa chombo "starboard", na wa kushoto "larboard". Katika kelele za upepo na mawimbi maneno hayo yalisikika kama moja, hata mwaka 1844 wanamaji wa Uingereza wakaamriwa waseme "port" kwa upande wa kushoto. Bado palikuwa na tatizo jingine. Amri ya "starboard" kwa mshika usukani ilimaanisha kwamba mkono wa usukani, yaani kana, usukumwe kuume. Na kana ikienda kuume, chombo huelekea kushoto. Desturi hiyo ilidumu hata baada ya meli kupata gurudumu la usukani. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912, barafu kubwa ilipoonekana mbele ya meli Titanic, amri iliyotolewa ilikuwa ya "starboard", na meli ikageuka kushoto, kama alivyotaka mwenye kuitoa. Katika meli za Waingereza desturi hiyo ilikomeshwa mwaka 1933, na tangu hapo amri hutaja upande ambao meli yenyewe itaelekea.

Barabarani liko neno la kuangaliwa zaidi, nalo ni "right". Maana yake ni mkono wa kuume, tena ni sawa au ndiyo. Dereva akiuliza kama apinde kushoto, na mwenziwe akamjibu "right", je, amekubali au amemsahihisha? Katika Kenya, ambako magari hupita kushoto, kupinda kuume ni kukata njia ya magari yanayokuja, na kosa la namna hiyo laweza kuua watu. Ndiyo sababu ni heri kujibu "correct" mtu anapotaka kukubali, na kuliacha "right" liwe la mkono wa kuume peke yake.

Yako pia maneno ambayo hayahusu njia kamwe. "It is your turn" maana yake ni zamu yako. "A good turn" ni hisani, na Waingereza husema kwamba hisani hulipwa kwa hisani.

Basi msomaji akutanapo na neno la namna hii, na ajiulize mambo matatu. Ni nini kinachogeuka: mwili, chombo, au nia ya mtu? Je, safari bado ni ya bandari ile ile, au imeachwa? Na msemaji, je, anasifu, analaumu, au anaonya? Na katika mambo ya hospitali au ya barabarani, ikiwa bado ana shaka, asione haya kumwomba msemaji alieleze neno lake tena kwa maneno mengine.