Jembe Mkononi, Sala Moyoni



Gazeti letu linasomwa na watu wa dini mbalimbali. Leo tunazungumza hasa na Wakristo. Lakini wewe wa dini nyingine usiliweke gazeti chini. Jua la shambani linatuchoma sote, na huenda ukapata neno la kukufaa.

Swali letu ni hili: Mtu anayefanya kazi tangu alfajiri mpaka usiku, atasali saa ngapi?

Wengine hujibu, "Nitasali Jumapili." Wengine husema, "Sala ni kazi ya padri na mchungaji. Mimi nina palizi." Naye mama atasema, "Nikiamka nachota maji, nawasha moto, natayarisha watoto, kisha naenda shamba. Nikirudi nina kuni kichwani na mtoto mgongoni. Sasa nitapiga magoti wapi?"

Maneno hayo si ya uvivu. Ni ya kweli. Magugu hayamngoji mtu. Ukiyaacha kwenye mahindi machanga kwa majuma kadhaa, mavuno yatapungua na watoto watalala njaa. Kwa hiyo hatukuambii uache shamba. Tunataka kuona jinsi mtu anavyoweza kusali bila kuharibu kazi, na kufanya kazi bila kusahau sala.

WATU WA BIBLIA WALIKUWA NA KAZI

Wakati mwingine tunadhani kwamba watu wa Biblia walikuwa wamekaa tu wakisali. Sivyo. Yesu mwenyewe alikuwa seremala. Paulo alishona mahema. Petro alikuwa mvuvi.

Sasa sikiliza habari za Danieli. Yeye alikuwa mkubwa serikalini katika nchi ya Babeli. Kazi zake zilikuwa nyingi. Hata hivyo alipiga magoti mara tatu kila siku. Maadui zake walipotafuta kosa katika kazi yake, hawakuliona. Soma Danieli sura ya 6. Utaona kwamba mtu yule yule aliyesali mara tatu ndiye aliyekuwa mwaminifu kazini. Sala haikumfanya mzembe.

Nehemia naye alikuwa mnyweshaji wa mfalme. Siku moja mfalme alimwuliza anataka nini. Nehemia aliogopa. Lakini kabla ya kujibu, alimwomba Mungu moyoni mwake. Hakutoka nje. Hakupiga magoti. Hakumwambia mfalme asubiri. Ilikuwa sala ya nukta chache tu, katikati ya swali na jibu. Iko katika Nehemia sura ya 2.

Na Boazi je? Katika Ruthu sura ya 2 tunasoma kwamba alipofika shambani aliwasalimu wavunaji wake kwa jina la Bwana, nao wakamjibu kwa kumtakia baraka. Salamu ya tajiri na vibarua wake ilikuwa sala.

Basi tumepata aina tatu. Kuna sala yenye saa yake, kama ya Danieli. Kuna sala fupi ya moyoni, kama ya Nehemia. Tena kuna sala iliyomo katika salamu, kama ya Boazi. Hizo mbili za mwisho hazihitaji hata kuweka jembe chini.

SIKU ILIYOGAWANYWA

Katika karne ya 6, huko Italia, aliishi mtawa aitwaye Benedikto. Aliandika kanuni za kuwaongoza watawa wenzake. Aliigawa siku yao. Kulikuwa na saa za sala, saa za kazi ya mikono, na saa za kusoma. Umeona, mwanakisomo? Hata kusoma kulikuwa na saa yake!

Mambo mawili katika kanuni hizo yanatufaa sisi wakulima. La kwanza: ndugu aliyekuwa akifanya kazi mbali hakulazimika kukimbia kanisani. Saa ya sala ikifika, alisali pale pale alipokuwa. La pili: mwenye kutunza ghala aliambiwa avitunze vyombo vyote vya kazi kama vile vyombo vitakatifu vya altare.

Hebu fikiri juu ya neno hilo. Jembe, panga, ndoo na sufuria vitunzwe kama kikombe cha altare! Maana yake ni kwamba mbele ya Mungu hakuna kazi ya halali iliyo duni. Anayenoa jembe lake na kulifuta udongo jioni anaiheshimu kazi ya Mungu.

Watawa wa Mtakatifu Benedikto walifika hata hapa kwetu. Walianzisha Peramiho mwaka 1898, na Ndanda mwaka 1906. Watu wa kusini wanazijua karakana zao na mashamba yao, na kengele zinazowaita kwenye sala.

BRUDA WA JIKONI

Pengine utasema, "Hao ni watawa. Wana kengele na utulivu. Mimi nina makelele ya watoto." Haya, tumwangalie mtawa mmoja ambaye hakuwa na utulivu.

Huko Ufaransa katika karne ya 17 alikuwapo Bruda Lawrence. Kwanza alikuwa askari, akaumia mguu vitani. Mwaka 1640 aliingia katika nyumba ya watawa Wakarmeli mjini Paris. Wakampa kazi ya jikoni. Kazi hiyo hakuipenda hata kidogo. Lakini aliifanya kwa miaka mingi. Baadaye alishona viatu vya watawa wenzake.

Bruda huyu alizoea kuzungumza na Mungu kama mtu anavyozungumza na rafiki aliye karibu naye. Alisema kwamba alipokuwa jikoni, watu wengi wakimwita kwa mara moja huku na huku, alikuwa na Mungu sawasawa na alipokuwa amepiga magoti. Hata kugeuza yai kikaangoni alikufanya kwa kumpenda Mungu. Na akisahau, je? Hakujilaumu siku nzima. Aliomba radhi, akaanza tena.

Alipofariki mwaka 1691 hakuwa mtu mkubwa. Lakini barua zake na mazungumzo yake vilikusanywa vikawa kitabu kidogo. Kitabu hicho kinasomwa hadi leo, na Wakatoliki na Waprotestanti pia.

Mama uliyeko jikoni, umesikia? Mwalimu wa sala kwa watu hao wote alikuwa mpishi.

WEWE UTAANZAJE?

Haba na haba hujaza kibaba. Usianze na mzigo mkubwa ambao utautua kesho. Jaribu hivi:

1. Ukiamka, kabla ya kutoka nje, mshukuru Mungu kwa maneno mawili au matatu. Mtajie kazi ya siku hiyo: "Leo napalilia. Nipe nguvu."

2. Chagua alama katika kazi yako. Alama ni kitu kinachokukumbusha. Mkulima anaweza kusali kila anapomaliza tuta. Mama anaweza kusali anapowasha moto. Mvuvi, anaposukuma mtumbwi majini. Fundi cherehani, anapotunga uzi. Sala iwe fupi, pumzi moja tu.

3. Mchana mnapopumzika kivulini, sali pamoja na wenzako. Katika madhehebu mengine kengele hulia asubuhi, adhuhuri na jioni. Mchoraji Mfaransa Jean-François Millet, katika miaka ya 1857 hadi 1859, alichora picha ya mume na mke katika shamba la viazi wakati kengele ya jioni inalia. Mume amevua kofia. Mke ameinamisha kichwa. Uma wa kulimia umechomekwa ardhini, na kikapu kiko chini. Dakika chache tu, kisha kazi ya siku imefungwa kwa sala.

4. Jioni, kabla ya kulala, jiulize: Leo nimemkosea nani kazini? Nimemsaidia nani? Omba msamaha, shukuru, ulale.

5. Wewe sasa unajua kusoma. Soma mistari michache ya Biblia usiku au alfajiri, kisha chukua wazo moja uende nalo shambani. Litafune kama unavyotafuna muwa, taratibu.

MAMBO MAWILI YA KUANGALIA

La kwanza: sala isiwe kisingizio. Kijiji kimekubaliana kuchimba mtaro wa maji leo. Wewe unasema, "Mimi niko kwenye maombi." Wenzako wanachimba, nawe kesho utakwenda kuchota maji yale yale. Hiyo si haki. Vilevile kibarua aliyelipwa kwa siku asiibe saa za mwenye shamba kwa jina la sala. Sala ya moyoni haiibi saa ya mtu.

La pili: sala isitenganishwe na uaminifu. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea wafanya biashara walioshika siku takatifu huku wakiona inachelewa kwisha. Walitaka irudi siku ya kuuza, wapunje watu kwa kipimo kidogo na mizani ya uongo. Ndugu, unaweza kusali mara tatu kwa siku kama Danieli. Lakini ikiwa debe lako limebonyezwa ili lichukue mahindi machache unapouza, jirani yako ataamini debe, hataamini sala. Debe lenyewe ni shahidi.

Hapo ndipo tunapoona faida ya kusali katikati ya kazi. Anayesali Jumapili tu anaweza kumwacha Mungu kanisani na kufunga mlango. Lakini anayemwita Mungu akiwa ameshika mizani, mkono wake utaona haya kudanganya.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, ni kazi gani unayoifanya kila siku? Ni alama gani katika kazi hiyo inayoweza kukukumbusha kusali?

2. Baba na mama wanawezaje kugawana kazi za alfajiri, ili mama naye apate dakika chache za utulivu?

3. Je, katika kijiji chetu debe na mizani vinakubaliana na sala zetu?

Jadilianeni darasani au nyumbani. Mkipata majibu, yaandikeni kwenye daftari. Kisha swali la tatu msilimalize kwa maneno tu. Nendeni mkalipime debe.