Jeneza Lisilokatiwa Mti

Upepo wa ziwa ukigeuka, gugumaji huja kwa wingi hadi pwani za visiwa kama Takawiri, kati ya Mbita na Mfangano. Huziba mahali pa kuegesha mashua, hunasa nyavu na kukaba injini. Wavuvi wa Ziwa Viktoria wanapambana nalo tangu miaka ya 1990, na ni nadra kumsikia mmoja wao akilitaja kwa wema.

Oktoba 2011 mmea huo huo ulipewa heshima ya taifa. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikuwa amefariki Septemba 25, na kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, jeneza lake lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na gugumaji. Oktoba 8 lilipelekwa Uhuru Park, Nairobi, uwanja ule ule ambao mwaka 1989 aliutetea usijengwe jumba la ghorofa 60. Kisha mwili ukachomwa Kariokor, jambo ambalo Wakenya wengi hawakulizoea, na majivu yakazikwa kwenye taasisi ya amani na mazingira yenye jina lake, katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Tangu hapo kumbukumbu zake zimeongezeka. Umoja wa Afrika humkumbuka kila Machi 3, Siku ya Mazingira ya Afrika. Nairobi nayo ilibadilisha Forest Road mwaka 2016 ikawa barabara ya Profesa Wangari Maathai. Barabara yenye jina la msitu ilimfaa, maana mwishoni mwa miaka ya 1990 yeye na wenzake walipigwa wakiutetea msitu wa Karura usigawiwe wajenzi.

Lakini kumbukumbu iliyo karibu zaidi na watu wa ziwa aliipanda mwenyewe, kabla hajajulikana duniani. Juni 5, 1977, Siku ya Mazingira Duniani, alitembea na wanawake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya kutoka jumba la mikutano la KICC, Nairobi, hadi uwanja wa Kamukunji. Huko ilipandwa miche saba, kila mmoja kwa heshima ya shujaa wa jamii fulani: Mekatilili wa Menza wa pwani, Nabongo Mumia, Ole Lenana, Masaku, Waiyaki wa Hinga, Wangu wa Makeri, na Gor Mahia wuod Ogada.

Kwa miche hiyo likaanza vuguvugu la Green Belt. Wanawake wa vijijini waliotesha mbegu, wakapanda, na kulipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Sharti hilo la kushika ndilo lililokuwa na uzito, kwa sababu mche hauna faida ukipandwa mbele ya kamera kisha ukaachiwa mbuzi. Kufikia 2004, Maathai alipotunukiwa Nobel ya Amani, akiwa mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata, miti ilikuwa imefika takriban milioni 30.

Gor Mahia alikuwa mganga mashuhuri wa Kanyamwa, upande wa Ndhiwa, katika kaunti ya leo ya Homa Bay, kaunti ile ile ya Takawiri. Siku za mechi jina lake hutajwa redioni kwa ajili ya klabu ya kandanda yenye jina hilo, iliyoundwa mwaka 1968. Miaka tisa baadaye, pale Kamukunji, akapewa mti pia.