Mafuta Yaliyouvaa Moyo

Anayenunua moyo wa ng'ombe buchani, iwe Katesh au Masakta wilayani Hanang, huyaona kabla muuzaji hajashika kisu: mafuta meupe yenye umanjano, mazito upande wa juu kwenye mishipa mikubwa, yakiteremka kufuata mifereji ya nyama. Wengine husema yatolewe, wengine huyataka yabaki kwa ajili ya mchuzi.

Moyo wa binadamu nao umevaa mafuta kama hayo.

Yakiwa kiasi hayana ubaya. Huukinga moyo na misukosuko na kuupa nishati. Yako ya aina mbili: ya ndani, yaliyogandana na nyama yenyewe ya moyo bila ukuta wa kuyatenga, na ya nje, yanayokaa juu ya mfuko wa moyo. Yale ya ndani yakizidi, hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, na jirani zake wa karibu ni mishipa inayoulisha moyo damu. Ndiyo maana wataalamu huyahusisha na kuziba kwa mishipa hiyo, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na moyo kushindwa kazi.

Mizani haiyaoni. Kitambi kinaweza kuyadokeza, lakini kuyapima kunataka mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili.

Mwaka 2019, watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya jaribio lililotumia mashine hizo. Waliwachukua watu wazima 50 wenye vitambi na wasio na mazoea ya mazoezi, wakawagawa makundi matatu. La kwanza lilifanya mazoezi ya pumzi, yale ya kuhemesha. La pili lilinyanyua vyuma. La tatu liliendelea na maisha yake ya kawaida. Mazoezi yalikuwa mara tatu kwa wiki, dakika 45 kila mara, kwa wiki 12.

Yakilinganishwa na kundi la tatu, mafuta ya ndani yalipungua kwa asilimia 32 kwa waliohema na asilimia 24 kwa walionyanyua. Mafuta ya nje yalipungua kwa walionyanyua vyuma tu, kwa asilimia 31. Watu 50 ni wachache, na wiki 12 hazitoshi kuonyesha nani ameepuka ugonjwa. Hata hivyo, jaribio lilionyesha kwamba mazoezi ya pumzi pekee hayamalizi kazi. Misuli nayo inataka mzigo.

Ushahidi mwingine wa faida ya kuushughulisha mwili uko karibu na nyumbani. Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, ni makazi ya Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta wanatumia wastani wa dakika 135 kwa siku katika shughuli zinazopandisha mapigo ya moyo. Kilichopimwa hapo ni shinikizo la damu na mafuta yaliyomo kwenye damu, si yale yanayouzunguka moyo, na wenye shinikizo la juu walikuwa wachache.

Mkulima wa Hanang anayeshika jembe na kuchota maji ana sehemu ya dawa hiyo ya mazoezi tayari: dumu la lita 20 ni kilo 20 mkononi, bila ada ya ukumbi wa mazoezi. Aliye hatarini zaidi ni anayeshinda amekaa, awe wa dukani, ofisini au juu ya bodaboda. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi.

Dakika 150 ni sawa na dakika 30 kwa siku tano. Anayebanwa kifua, anayeishiwa pumzi kwa kazi ndogo au mwenye shinikizo la damu aanzie kwa daktari, kisha aanze mazoezi.