Nyumba ya mbao ianze na mawe

Hapa Bunagana baridi inashuka kutoka milima ya Virunga, na mvua ni nyingi. Nyumba ndogo ya mbao inatufaa: ni nyepesi, inajengwa haraka, na ukihama unaweza kuibomoa ukaijenga pengine. Lakini mbao zikigusa udongo, zinaoza.

Watu wa Goma wanatuonyesha njia. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Ilipopoa, mawe yake meusi yakawa misingi ya nyumba. Panga mawe kwanza, mpaka magotini, ndipo uweke mbao juu. Ziba nyufa, lakini jikoni acha dirisha la kutoa moshi. Bati lizidi ukuta, maji ya mvua yaingie kwenye pipa.

Mwenye ndugu anayejenga kati ya Goma na Sake amwambie na hili: asijenge bondeni. Mazuku, gesi nzito isiyoonekana, hujikusanya huko, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Inaua, na mtoto aliye karibu na ardhi ndiye wa kwanza. Achague mahali pa juu kabla ya kununua ubao hata mmoja.