Herufi Nzuri, Hesabu Mbaya

Ndugu msomaji, wewe wa Kasongo mjini na wewe uliye kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Salamabila, kamata mwaliko wa arusi uliopata mwaka huu. Angalia herufi zake. Zimelala kidogo, zimeshikana mikono, utasema mtu aliziandika kwa biki. Kumbe ni ordinatere.

Aina moja ya herufi hizi inayojulikana sana inaitwa Mistral. Mfaransa Roger Excoffon aliichora kwa kufuata mwandiko wake mwenyewe, na kiwanda cha herufi cha Olive, kule Marseille, kikaitoa mwaka 1953. Wakati ule herufi za kuchapa zilikuwa vipande vya risasi. Kazi ngumu ilikuwa kuziunganisha: mkia wa herufi moja ufike pale pale inapoanzia inayofuata, hata ukizipanga namna gani. Akafaulu.

Tabia yake ni gani? Inasema na wewe kama ndugu aliyekaa barazani, bila koti wala tai. Kwa hiyo inafaa mwaliko, jina la duka, kadi ya Noeli, tangazo la kwaya. Maneno machache, tena makubwa.

Lakini usiipe kazi isiyo yake. Siku moja ndugu wawili wa kanisa letu walitaka kuandikisha deni la dhahabu. Mimi mwenyewe nikawapeleka kwa kijana wa mashini, nikamwambia: "Weka herufi nzuri." Akaweka za mkono. Karatasi ikasema gramu 7. Siku ya kulipa, mzee mwenye deni akasoma 1. Alikuwa mwongo? Hapana. Sisi tulifundishwa masomoni kukata saba kwa mstari katikati, na saba ile haikukatwa. Kwa macho yake ilikuwa moja tu. Maneno yakawa makali. Tulikaa siku tatu pamoja na mashahidi mpaka amani ikapatikana. Kosa lilikuwa langu.

Basi shika haya. Deni, mapatano ya shimo, kipimo cha dawa, tarehe, majina ya watoto: tumia herufi zilizosimama, kila moja peke yake. Hesabu iandikwe pia kwa maneno: gramu saba. Tena usiandike neno zima kwa herufi kubwa za mkono, maana hazishikani na hazisomeki. Kisha mpe mama mzee karatasi asome bila msaada. Akikwama mahali, badilisha.

Mtume Paulo naye alikuwa na karani. Tertio ndiye aliyeandika barua kwa Warumi. Lakini salamu Paulo aliziandika kwa mkono wake, ziwe alama yake (2 Wathesalonike 3:17). Fanya vile vile. Ordinatere iandike hesabu kwa herufi wazi, na wewe, mbele ya mashahidi, kamata biki utie jina lako chini.