Kazi Mtaani: Kwa nini afueni ya corona haikuwafikia wote sawa

Uchumi ulipodorora kutokana na janga la corona, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza Machi 2020 kwamba wanaolipwa hadi Sh24,000 kwa mwezi wasitozwe kodi ya mapato. Karani katikati mwa jiji la Nairobi aliiona afueni hiyo kwenye hati yake ya mshahara. Kijana wa vibarua mtaani Kibera hakuwa na hati yoyote.

Kwake serikali ilibuni Kazi Mtaani: kufyeka nyasi, kuzoa taka, kuzibua mitaro. Katika awamu ya pili, iliyoanza Julai 2020, ujira ulikuwa Sh455 kwa siku. Lakini vijana walipishana kwa zamu, siku 11 kwa mwezi. Yaani Sh5,005, na mwenye nyumba hapokei zamu.

Viwango vingine vya kodi viliporejeshwa Januari 2021, karani hakuguswa.